Abiria Asiyejiandikia

Zzzz...ip.

Kimya. Kisha tena, polepole, kama mtu anayechelea kumwamsha mwenziwe.

Zzzz...ip.

Ilikuwa zipu ya begi. Tinkara aliijua sauti hiyo kuliko sauti nyingine yoyote, maana siku kumi na mbili nzima alikuwa akilala nayo na kuamka nayo, zipu zake na za wasafiri wenzake, ndani ya treni, ndani ya mabweni, juu ya sakafu za stesheni. Lakini chumba hiki cha treni alikuwa amekiingia peke yake. Viti sita, pazia, mlango wa kioo. Alipozima taa hapakuwa na mtu, na tangu hapo treni haikuwa imesimama popote. Na begi lake mwenyewe alikuwa amelilalia, zipu iko chini ya shavu lake.

Akabana pumzi.

Chumba kilinuka sufu iliyolowa. Na chuma. Na theluji... theluji, mwezi wa nane!

Jioni yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Alifika Munich jua likizama, akaenda kununua maji na mkate wa chumvi kwa ajili ya njiani, akakaa chini kwenye jukwaa la stesheni, akatoa pasi yake ya treni na kuijaza. Kila mwenye pasi anajua: kabla hujatia mguu kwenye treni, andika. Tarehe, saa, unakotoka, unakokwenda, kwa wino. Usipoandika, faini. Ukifuta, faini. Wasichana wawili Wareno aliokutana nao hapo walimcheka kwa jinsi alivyoandika herufi kwa herufi, ulimi nje.

"Mwalimu, tutafanya mtihani lini?" mmoja akamtania.

"Cheka tu. Wewe utalipa faini, mimi nitalala."

Mstari wa mwisho wa pasi yake aliuandika kwa raha kuliko yote. Bohinjska Bistrica. Nyumbani. Kule bondeni, ng'ambo ya handaki la mpakani, alikuwako mama yake Marjeta, na alikuwako Vid, mwanawe wa miezi kumi na mmoja. Safari hii Tinkara aliiota tangu yuko sekondari, kuzunguka na treni peke yake, begi mgongoni, bila kuulizwa na mtu umekula nini. Badala yake alipata mtoto, na baba wa mtoto akapata kazi Norway na kupotelea hukohuko. Mama yake ndiye aliyemnunulia pasi. Nenda, alimwambia, wiki mbili si kitu, mtoto ana bibi. Akaenda. Akafurahi, kweli alifurahi, haoni haya kusema. Ila siku ya kumi alipopiga simu ya picha, Vid alimtazama kwenye kioo cha simu kama anavyotazama ukuta, akageuka, akaficha uso shingoni mwa bibi yake.

"Kachoka tu," mama yake alisema. "Na wewe umekonda! Huko kote ulikozunguka hakuna supu?"

Tinkara alicheka, akakata simu, akalia. Amenisahau. Hilo ndilo alilobeba kutoka siku ile, na lilikuwa zito kuliko begi.

Sasa, gizani, zipu ikafika mwisho wake.

"Nimekuamsha, dada?"

Sauti ya kijana. Ya upole. Tena kwa lugha yao, na siyo lugha tu, ilikuwa lafudhi ya bonde lao hasa, ile ya kuvuta maneno ambayo watu wa mji mkuu, Ljubljana, huwacheka nayo. Tinkara akapapasa ukutani, akawasha taa.

Kijana alikuwa amekaa kiti cha mbele yake, magoti yao karibu kugusana. Umri wake ishirini na kitu. Nywele zimelala kichwani kama zimenyeshewa. Begi lake lilikuwa la turubai, la kizamani, limeshonewa bendera za nchi alizopita, na nyingine zilikuwa za nchi ambazo hazipo tena. Mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji hadi kwenye kucha.

"Umeingia saa ngapi?" Tinkara akauliza.

"Nilikuwemo."

"Wewe mtu wa bonde la Bohinj? Unaongea kama sisi."

"Bado," akasema, akatabasamu.

Tinkara akacheka. Alidhani ni utani. Mtu ukisafiri peke yako siku nyingi unacheka upesi, unataka watu wawe wema.

"Kondakta anakuja," kijana akasema, "nami sijaandika mstari wangu. Unaona mikono yangu. Niandikie, dada."

Nani angekataa? Mwenye pasi humwazima mwenye pasi kalamu, ndivyo wanavyoishi. Akaipokea pasi yake. Ilikuwa nene kama kitabu cha sala, kurasa zimebandikwa juu ya kurasa, mistari na mistari, wino wa buluu, wa zambarau, uliopauka hadi kuwa kahawia. Miandiko ya wazee. Miandiko ya watoto wa shule. Tinkara aliona, lakini usingizi ulikuwa bado machoni, hakuona anachokiona: hapakuwa na mistari miwili ya mkono mmoja.

Akaandika tarehe. Akaandika saa.

"Unakwenda wapi?"

"Andika kama yako tu."

Akaandika. Mkono ulikuwa umezoea jina lile, ulikwenda wenyewe. Bohinjska Bistrica. Kwenye herufi ya mwisho kalamu ikawa nzito, nzito kama jembe, akaisukuma mpaka ikamaliza.

Kijana akainama, akapuliza wino ukauke. Pumzi yake ilikuwa baridi.

"Kuna nani huko?"

"Mama yangu. Na mwanangu."

"Anaitwa nani?"

Alitaka kunyamaza. Kinywa kikajibu chenyewe. "Vid."

"Vid," kijana akarudia, taratibu, kama anayeonja. "Vid..."

Na maziwa yakamtoka Tinkara. Maziwa yaliyokuwa yamekauka wiki nzima iliyopita yalishuka yote kwa pamoja, ya moto, yakalowesha fulana mpaka kiunoni.

Mlango wa kioo ukafunguliwa. Kondakta alikuwa mzee wa kwao, mwenye masharubu meupe, aliyepandia Salzburg. "Habari ya usiku, pasi zenu," akasema kwa sauti ya mtu aliyesema hivyo miaka thelathini. Akagonga muhuri kwenye ya Tinkara. Akaipokea ya pili.

Muhuri ukabaki hewani.

"Nani ameandika hapa?"

"Mimi, mzee. Kaumia mikono, ndiyo nika..."

"Njoo nje, binti."

"Kwani nimekosea?"

"Njoo nje!"

Katika ujia wa behewa alimvuta hadi mwisho, karibu na choo, mahali ambapo magurudumu yanapiga kelele, na bado alinong'ona.

"Ulichoandika ni wapi? Ni hoteli? Niambie ni hoteli."

"Ni kwetu. Ni nyumbani."

Mzee akafumba macho.

"Ni nani yule?" Tinkara akauliza.

"Sijui. Naapa sijui. Nimemwona mara tatu tangu nianze kazi na hajazeeka hata siku moja. Hajiandikii. Huandikiwa, na anakoandikiwa ndiko anakokwenda. Mwenzangu mmoja alimwandikia kwao kwa mzaha, mji mdogo tu, Austria. Akaenda. Yule kijana akakaa kwao siku tisa."

"Akafanya nini?"

"Hakufanya kitu. Alikaa tu. Mtoto wao alikuwa na umri wa miaka miwili. Mtoto akawa anamtazama mgeni, hali, halii, halali, anamtazama tu." Akatazama nyuma, kule chumbani. "Hakufa, kama ndilo unalotaka kuuliza. Sasa ni msichana mkubwa, ana afya. Ila tangu siku zile hajamtambua mama yake. Kila asubuhi anamwamkia kama mgeni."

Tinkara akashika ukuta.

"Nitaufuta ule mstari."

"Mwenzangu aliufuta. Asubuhi ukakutwa umejiandika upya, kwa mwandiko uleule wa mwenzangu."

"Aliondokaje basi?"

"Mkono mwingine ulimwandikia safari nyingine."

"Mwandikie wewe! Sasa hivi! Mzee wangu, nakuomba, kalamu hii hapa."

Yule mzee akairudisha mikono yake nyuma ya mgongo, yote miwili, kama mtoto anayeficha kitu. Macho yakamjaa machozi.

"Nina wajukuu wanne, binti. Nimwandikie wapi?"

"Popote!"

"Popote kuna mtu."

"Basi mshushe! Wewe si kondakta?"

"Ana pasi," mzee akasema. "Mwenye pasi simshushi."

Akaondoka haraka, mabega yamepinda, akaubamiza mlango wa behewa nyuma yake. Tinkara akamtukana moyoni. Mwoga. Mzee mzima, mwoga.

Sasa fikiri, akajiambia, fikiri. Alisema kama yako tu. Kama yangu! Basi ananifuata mimi, si ndiyo? Nisipokwenda nyumbani, hataenda nyumbani. Nitamzungusha. Nitakaa naye stesheni mwezi mzima ikibidi, nitakufa naye huko, lakini nyumbani hafiki.

Treni ilisimama Villach, kituo cha mwisho kikubwa kabla ya handaki. Saa kumi kasorobo za usiku, jukwaa tupu, taa za manjano. Tinkara akaingia chumbani bila kumtazama, akatwaa begi lake, akateremka. Akasimama chini ya saa ya stesheni, akingoja kusikia hatua nyuma yake.

Hakuna hatua.

Akageuka.

Kijana alikuwa dirishani. Amelaza paji la uso kwenye kioo, na palipogusa paji lake kioo hakikuingia ukungu. Alikuwa anamtazama kwa huruma, ndiyo, huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyekosea hesabu nyepesi.

Milango ikajifunga.

"Hapana," Tinkara akasema. "Hapana, hapana, hapana..." Akakimbia, akapiga behewa kwa viganja, akapiga kioo, akapiga kelele kwa lugha mbili. Treni ikaondoka kama inavyoondoka siku zote. Taa mbili nyekundu zikapungua, zikazama.

Alikuwa amempeleka kwa mwandiko wake. Na yeye mwenyewe amejishusha.

Treni nyingine ya kupita handaki ilikuwa ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Akapiga simu. Simu ya mama yake iliita mpaka ikachoka, maana usiku aliiacha jikoni ikichaji, naye akalala ghorofani na mtoto. Akapiga tena. Akapiga mara thelathini na moja. Akaandika ujumbe: USIMFUNGULIE MTU. Akapiga polisi wa kwao, kijana aliyepokea akamuuliza mtu huyo amefanya kosa gani, na Tinkara akafungua mdomo, akaufunga. Amefanya kosa gani? Ana pasi. Ameandikiwa.

"Dada, umekunywa?" polisi akamuuliza kwa upole.

Akakata. Akakaa chini kwenye saruji. Maziwa yalikuwa bado yanamtoka na hapakuwa na wa kumnyonyesha. Akahesabu kituo kwa kituo: sasa yuko ndani ya handaki. Sasa Jesenice, anabadilisha treni. Sasa Bled. Sasa anapita daraja. Sasa anateremka, anapanda mtaa wetu, anapita duka la mikate...

Saa kumi na mbili na dakika tano simu ikapokelewa.

"Wee Tinkara, huu ndio ustaarabu?" Sauti ya mama yake ilikuwa changamfu. "Unaleta mgeni, halafu yeye anafika wewe hufiki!"

Tinkara akakandamiza simu sikioni.

"Kijana wa watu, mpole, na anaongea kama wa hapahapa! Nimempa ndara za marehemu baba yako, zimemkaa kama alipimiwa. Kakaa hapa mezani, nimemtilia kahawa. Nimeona simu inawaka kama mti wa Krismasi, ujumbe sijausoma hata, miwani sijui..."

"Vid yuko wapi?"

"Yuko kwenye kiti chake. Ungemwona! Hajapepesa jicho tangu mgeni aingie. Wala hataki uji. Hajalia kabisa leo."

"Mwite."

"Nini?"

"Mama, mwite Vid jina lake."

"Vid," mama akaita. "Vid, mpenzi wa bibi. Vid!" Kimya. "Hanisikii, anamshangaa mgeni. Vid..." Akasikika akipiga makofi, mara moja, mara mbili. Akarudi kwenye simu, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Tinkara. Nimempiga makofi mbele ya macho. Hakupepesa."

"Mama, nisikilize, usiniulize kitu. Mtu huyo kakuonyesha karatasi?"

"Ameiweka hapa mezani." Kisha akaanza kunong'ona. "Anafungua bandeji. Hana jeraha, mwanangu... Viganja vyake ni laini. Havina mistari. Havina mstari hata mmoja."

"Ondoka naye! Mbebe Vid, toka nje!"

Kiti kiliburuzwa. Kisha mama yake akihema, kisha akilia. "Hainuki. Mtoto hainuki, ni mzito kama jiwe, nimemvuta... Yesu wangu, nimemvuta hata mkono hausogei! Tinkara, nifanye nini? Anatuangalia tu. Anakunywa kahawa."

Jua lilikuwa linachomoza Villach. Mfagiaji alipita na ufagio wake akimkwepa yule msichana aliyekaa chini na fulana iliyolowa.

"Chukua kalamu," Tinkara akasema. "Kuna mstari mtupu chini ya mwandiko wangu. Mwandikie aende."

"Aende wapi?"

Na hapo akaona mikono ya yule mzee, inarudi nyuma ya mgongo.

Mwandikie baharini, alifikiri. Mwandikie jangwani. Lakini treni haziendi baharini, zinakwenda penye watu, ndiyo kazi yake. Akatafuta kichwani mji usio na mtu na hakuna mji usio na mtu.

"Tinkara! Macho ya Vid yanakauka! Wapi?"

Akataja jina la mji.

Lilimtoka kama lilivyotoka jina la Vid, kinywa kimetangulia. Lakini safari hii hakuna aliyemvuta ulimi.

"Kuna watu huko?" mama yake akauliza.

"Andika, mama."

"Kuna watoto?"

"Andika!"

Ikasikika kalamu ikikwaruza karatasi, na mama yake akiguna kwa uzito wake. Ilichukua muda mrefu mno kwa jina fupi kama lile. Kisha hatua. Kisha zipu, polepole.

"Anavua ndara," mama akanong'ona. "Anazipanga mlangoni. Anasema ahsante... Ameondoka."

"Na Vid?"

Zikasikika hatua za mama yake zikikimbilia mezani.

"Mama, na Vid?"

"Anapepesa," mama yake akasema, akaangua kilio. "Anapepesa macho."

Tinkara alifika nyumbani saa tatu kasorobo. Alikuwa amekimbia kutoka stesheni. Mama yake alikuwa sakafuni jikoni, amempakata Vid, madirisha yote wazi, na bado palinuka sufu iliyolowa. Tinkara akapiga magoti. Akamnyooshea mwanawe mikono polepole, maana huu ndio wakati aliokuwa akiuogopa kabla hata ya kukutana na kitu chochote cha usiku.

Vid alimtazama. Muda mrefu. Kisha akakubali kubebwa, akanyonya, akashika kidole chake kama zamani. Tinkara akalia kwa shukrani. Na mtoto alipomaliza kunyonya akainua kichwa, akasema kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwa sauti safi kabisa:

"Mama."

Wanawake wote wawili walimsikia. Na wote wawili waliona kwamba hakumtazama yeyote kati yao. Alikuwa anakitazama kiti kitupu.

Walikaa hivyo mpaka kahawa iliyobaki kikombeni ikafanya utando. Kisha mama yake akauliza, bila kuinua macho:

"Ule mji. Unamjua mtu?"

"Nililala pale usiku mmoja. Mabweni yalijaa. Mwanamke mmoja aliniona nalia stesheni, nimekumbuka mtoto, akanichukua kwake. Alinipikia. Hakutaka hata senti."

"Ana watoto?"

"Wawili. Mdogo ni kama Vid."

Mama yake akafunika mdomo kwa kiganja.

"Ndilo lililonijia, mama. Nilitafuta jingine. Ndilo lililonijia."

"Mpigie simu. Mwonye!"

"Nimwambie nini? Kwamba ni mimi?" Tinkara akamkumbatia Vid kwa nguvu hadi mtoto akagugumia. "Na akinipata? Akimwandikia yule kijana tena aje huku?"

Nje, treni ya saa nne ilipiga honi bondeni, na wote watatu wakageuza vichwa, Vid wa kwanza.

"Niapie, mama. Kwa mtoto huyu. Hutamwambia mtu."

Mama yake akaweka mkono juu ya kichwa cha mjukuu wake. Mkono uliokuwa na wino.

"Sitamwambia mtu," akasema.

"Na mimi," Tinkara akanong'ona. "Sitamwambia mtu mwingine."